Labubu wa 165,000 na Labubu wa Kariakoo: nawafungua wote mbele yenu

Haya jamani, karibuni tena. Leo salamu nafupisha, maana vitu vilivyopo mezani hapa vimenikosesha usingizi wiki tatu nzima. Mnawaona? Wawili. Huyu wa kulia nimemnunua Kariakoo, kwa mama mmoja aliyewapanga juu ya turubai pembeni ya barabara, 18,000. Huyu wa kushoto bado yuko kwenye boksi lake, nimemwagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, 165,000. Umesikia vizuri. Laki moja na elfu sitini na tano, mdoli wa kuning'iniza kwenye begi.

Labubu mnamjua, sina haja ya kuwaelezea. Masikio ya sungura, meno ya msumeno, manyoya. Mchoraji wake ni Kasing Lung, anauzwa na kampuni ya Pop Mart ya China, na dunia ilichanganyikiwa naye kuanzia 2024, Lisa, mwimbaji wa kundi la Blackpink la Korea Kusini, alipoonekana amemtundika kwenye mkoba. Basi. Leo nataka tumwongelee mzazi. Mzazi aende mpaka wapi kwa ajili ya hiki kitu? Mimi nimeenda mbali, na nataka uone nilichokuta huko nilikofika.

Binti yangu ana miaka 7. Siku moja karudi shule, hajavua hata viatu, ananiambia, "Mama, wenzangu wote wanaye." Nikamuuliza wote ni akina nani, akataja wawili. Lakini wazazi mnajua, lile neno "wote" likishakuingia sikioni halitoki. Nikatuma hela kwa simu. Nikaahidiwa siku 5. Mzigo umefika siku ya 22. Na siku zote hizo kila nikifungua mlango jioni swali ni moja, "Mama, amekuja?" Hata shikamoo hakuna tena.

Tunafungua sasa. Hapa sijakata video. Boksi ni zito, limechapwa vizuri, lina alama ya QR ya kuskani kwa simu, nimeiskani imenipeleka kwenye tovuti ya Pop Mart wenyewe. Ndani kuna mfuko wa karatasi ya kung'aa, umefungwa, huoni kitu. Nachana... huyu hapa. Wa njano.

Angalia manyoya haya. Sogeza kamera. Nikipitisha kidole yanalala, nikiyarudisha yanasimama, hakuna hata unywele mmoja uliobaki mkononi. Uso wake ni laini, rangi haijavuka mstari. Hesabu meno na mimi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Orijino ana meno 9. Sasa mlete wa Kariakoo: ...nane, tisa, kumi. Kumi! Na la mwisho limepakwa nje ya mdomo. Huyu watu wanamwita Lafufu, yaani Labubu feki, na dunia nzima imejaa.

Jino la kumi mimi lisingenisumbua kabisa. Mtoto hahesabu meno. Kinachonisumbua ni hiki hapa. Nashika jicho, navuta kwa kucha, wala situmii nguvu... limetoka. Hilo hapo kiganjani. Mkono nao, nazungusha mara mbili, umechomoka. Binti yangu wa miaka 7 hatameza jicho. Lakini nyumbani nina wa mwaka na nusu, na huyo kila anachookota sakafuni kinaishia mdomoni. Agosti 2025 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hawa hawa feki, kwamba watoto wadogo wanaweza kukabwa. Kwa hiyo kama una mtoto anayetambaa, 18,000 hiyo kaa nayo. Yule mama wa Kariakoo simlaumu, anauza kilichoshushwa kwenye kontena.

Kabla sijasahau, video zetu sasa zinatoka Alhamisi saa 1 usiku, Jumapili tumeiacha. Na hii maiki ni mpya, wale mliolalamika kuhusu kelele za bodaboda nimewasikia. Kama hujasabskraibu, sabskraibu, kisha bonyeza kengele.

Sasa njooni kwenye kitu ninachokichukia, na hapa nitakaa. Mlisikia nikisema "wa njano". Binti yangu aliomba wa zambarau. Kwenye begi za wale wenzake wawili, mmoja wa zambarau yupo. Mimi sikumchagua wa njano. Hakuna anayemchagua. Unanunua boksi limefungwa, ndani kuna mmoja kati ya sita, na hujui ni yupi mpaka umeshalipa na umeshachana. Halafu kuna wa saba, wa siri, ambaye nafasi ya kumpata ni boksi 1 kati ya 72.

Nimekuja na dadu ya ludo, hii hapa, ili uone kwa macho yako. Pande sita, Labubu sita. Tuseme wa zambarau ni namba 4. Kila nikirusha, nimenunua boksi moja. Narusha... 2. Laki na sitini na tano imekwenda. Narusha... 6. Laki tatu na thelathini. Narusha... 2 tena! Huyu ninaye tayari, wa rangi ile ile, na hela imeondoka. Laki nne na tisini na tano. Narusha... 5. Laki sita na sitini. Narusha... 1. Laki nane na ishirini na tano elfu, na namba 4 sijaiona. Kuna mtu hapo anasema, "Mara ya sita lazima itoke." Hapana! Dadu haikumbuki. Haijui kwamba umekosa mara tano, haikuonei huruma. Na nimepiga hesabu: ukinunua boksi tatu, bado uwezekano wa kumkosa unayemtaka ni zaidi ya nusu. Laki tano kasoro elfu tano, na una nafasi kubwa ya kurudi nyumbani bila yeye.

Hii ni bahati nasibu jamani. Tunawagombeza vijana wetu kwa kubeti, tunalia mishahara inaishia kwenye mikeka, halafu tunampelekea mtoto wa darasa la kwanza mchezo ule ule, umevalishwa masikio. Anajifunza nini? Anajifunza kwamba ukikosa, unaomba hela ununue tena. Na binti yangu alilisema hilo neno kwa neno. Alilia, akajifuta machozi, akasema, "Mama, tununue lingine, hili lingine atatoka." Pale ndipo nilipoogopa.

Halafu geuza boksi. Soma hapa chini, kamera njoo karibu. 15+. Miaka kumi na tano na kuendelea! Siyo kitu cha mtoto wa miaka 7 kabisa, na nilikuja kuisoma wakati hela imeshatoka. China kwenyewe, anakotoka, mwaka 2023 walitoa mwongozo kwamba boksi za kubahatisha zisiuzwe kwa watoto chini ya miaka 8. Wenye mali wanajua kilichomo.

Sitaki mtu aseme nawasimanga wazazi. Mzazi anayeshinda kazini tangu alfajiri, anamwona mtoto saa moja kwa siku, anataka ile saa moja iwe ya furaha. Namwelewa, ndiye mimi. Na jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1983 Marekani watu wazima walikanyagana madukani kwa ajili ya midoli ya Cabbage Patch Kids, mpaka meneja mmoja Pennsylvania akasimama juu ya kaunta na rungu la besiboli kujilinda. Baba mmoja, mtu wa posta kutoka Kansas City, alipanda ndege mpaka London kumtafutia binti yake. Mwaka 1996 ikawa mdoli Elmo wa kutekenywa, ambaye bei yake ilikuwa chini ya dola 30 na walanguzi wakauza kwa mamia. Na Mei 2025, Uingereza, Pop Mart wakaondoa hawa Labubu kwenye maduka yao kwa sababu wateja walikuwa wanapigana. Lakini angalau yule wa posta alijua anafuata mdoli gani.

Turudi kwenye bei, maana najua kwenye komenti mtaniuliza. Boksi la toleo hili, dukani kwao Marekani, lilikuwa chini kidogo ya dola 28. Piga kwa shilingi, haifiki hata 80,000. Mimi nimelipa zaidi ya mara mbili. Sawa, usafiri upo, ushuru upo, lakini fungu kubwa ni la mlanguzi, na anaweza kunitoza hivyo kwa sababu anajua mtoto ameshasema "wote wanaye". Kuanzia leo mimi nina mpaka: bei ya duka, ongeza nauli ya mzigo, basi. Na nalipia kitu ninachokiona. Boksi la kubahatisha la pili halitaingia nyumba hii hata liuzwe kwa elfu tano.

Je, orijino ni mzuri? Ni mzuri sana, nimeshawaonyesha. Ningemnunua tena kama ningechagua rangi mwenyewe kwa bei ya duka. Kwa hali ilivyo sasa, simshauri mtu.

Alhamisi ijayo nakuja na mdoli wa kitenge aliyeshonwa na fundi wa hapa mtaani kwetu. Mishono nimeshaivuta kama nilivyomvuta huyu wa Kariakoo, haijaachia. Macho ameyadarizi, hakuna cha kung'oka.

Na ombi moja. Kama uko Dar, una wa zambarau, na mwanao alikuwa anamtaka wa njano, niandikie kwenye komenti. Tukutane Mwenge Jumamosi asubuhi, watoto wabadilishane wenyewe, hakuna kuongezeana hela. Huyu wa njano nitamrudisha kwenye boksi lake, manyoya bado mazima. Wa Kariakoo anaingia kwenye ndoo ya taka sasa hivi, na jicho lake.