Mifuko ya sandarusi: kinga ya mlangoni kabla ya masika

Kwa nyumba za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mifuko hii ikijazwa mchanga na kupangwa mlangoni ni kinga ya bei nafuu dhidi ya mafuriko, mradi ujue mpaka wake. Mfuko wa kilo 50 uliotumika kwa sukari au mchele unafaa, ila mchanga ukiujaza ni mzito mno kwa mtu mmoja. Wa kilo 25 ni bora. Kagua mishono ya chini. Uliokaa juani miezi kadhaa hukatika nyuzi ukiunyanyua tu, kwa hiyo usinunue uliopauka.

Jaza nusu au theluthi mbili, basi. Wengi hushindilia mpaka juu, mfuko unakuwa mgumu kama gogo, na maji yanapita kwenye mianya. Kunja mdomo, ulale chini ya mfuko wenyewe, uelekee maji yanakotoka. Panga kama tofali, maungio yasikutane, huku ukikanyaga kila safu. Tanguliza turubai au nailoni upande wa maji, la sivyo yatapenya.

Udhaifu mkubwa uko chooni: maji machafu hupanda kupitia tundu la choo na la bafu wakati mlango umezibwa vizuri kabisa. Weka mfuko mmoja juu ya kila tundu.

Kwa maji ya kifundoni au chini ya goti, ninaipendekeza. Yakizidi hapo, zima umeme kwenye meni swichi kabla maji hayajaingia ndani, uhame. Mifuko iliyolowa maji ya mafuriko isirudi kubeba nafaka.