Kifaa cha OBD cha ELM327 kwenye gari la taksi mtandao: kinachosaidia kwenye mafuta, na kinavyoweza kukuibia macho

Kifaa hiki peke yake hakipunguzi hata tone la petroli. Ni kidude kidogo kama kiberiti kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD, ile ya pini 16 ya kuchunguzia hitilafu chini ya usukani, kinasoma kompyuta ya gari na kurusha namba kwenye simu kwa Bluetooth. Mafuta yanapungua pale mguu wako na fundi wako wanapozifuata namba hizo. Kwa dereva wa taksi mtandao, anayeweka mafuta kila siku na kubaki na kinachosalia, tunakipendekeza kwa masharti mawili: ununue toleo linaloongea na gari lako, na usikitazame gari likiwa linatembea.

Usikichanganye na ndugu yake wa uongo. Kwenye maduka hayohayo kuna kidude cha umbo lilelile, chenye taa zinazometameta na maandishi ya "Nitro" au "Eco", kinachodaiwa kujifunza uendeshaji wako na kubadili mpangilio wa kompyuta ili gari lile mafuta kidogo. Watafiti wa usalama wa kompyuta waliofungua Nitro OBD2 walikuta hata chipu ya kuwasiliana na CAN, mtandao wa ndani unaounganisha kompyuta za gari, haimo. Kilichomo ni cha kuwasha taa tu. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imetathmini vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na haikupata kinacholeta nafuu ya maana. Namna ya kuvitofautisha dukani ni rahisi: kichomeke, washa Bluetooth ya simu, washa swichi ya gari, tafuta. ELM327 itajitokeza, mara nyingi kwa jina la OBDII, na itaomba namba ya siri 1234 au 0000. Kile cha taa hakitatokea kabisa.

ELM327 ni jina la chipu iliyobuniwa na Elm Electronics ya Kanada, na karibu kila kinachouzwa kwa bei nafuu kwa jina hilo ni nakala. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Nakala zilizoandikwa v1.5 kwa kawaida zinabeba amri nyingi kuliko zile za v2.1, ingawa namba inakuvuta uamini kinyume chake. Nyingi za v2.1 zimepunguzwa amri na zinashindwa kuongea kwa itifaki (lugha za mawasiliano ya gari) za zamani zinazopita kwenye waya wa pini 7. Gari linalotumia CAN, pini 6 na 14, huweza kuelewana hata na v2.1. Ila stika si ushahidi, maana yeyote anaweza kuichapisha. Weka programu ya ELM327 Identifier kwenye simu ya Android. Itajaribu amri moja moja na kukuonyesha zinazokubaliwa na zinazokataliwa.

Kwa Vitz, IST, Passo na Probox za miaka ya mwanzo ya 2000 kuna tahadhari ya ziada. Kuwepo kwa soketi hakumaanishi gari linaongea OBD2, lugha ya kawaida ya uchunguzi wa magari. Marekani ililazimisha OBD2 mwaka 1996 na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, lakini gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halikubanwa na sheria hizo. Baadhi yanahitaji amri maalumu za kuanzia ziandikwe kwenye wasifu wa gari ndani ya Torque, programu ya simu inayosoma namba za kifaa, mengine yanatoa vipimo vichache tu, na yapo yasiyojibu kabisa. Kwa hiyo usilipe kabla hujajaribu kwenye gari lako mwenyewe, injini ikiwa inaunguruma. Muuzaji anayekataa jaribio hilo mwache.

Wenye iPhone waangalie jambo lingine. Bluetooth ya kawaida ya vifaa hivi haikubali iPhone, kwa hiyo watauziwa cha WiFi. Hicho kinaifanya simu ijiunge na mtandao wa kifaa ambao hauna intaneti, na mara nyingi ramani inaganda na oda haziingii. Kwa gari la biashara hiyo haifai. Tafuta kilichoandikwa Bluetooth LE, au tumia simu ya pili ya Android.

Kukichomeka kwenyewe ni kazi ya dakika moja, lakini pini 16 ya soketi ina umeme wa betri muda wote, hata gari likiwa limezimwa. Nakala za bei ndogo hazilali. Zinavuta takriban miliampea 30 hadi 50. Kwa siku hiyo ni karibu ampea-saa moja. Gari linalotembea kila siku halitahisi. Gari lenye betri ndogo ya ampea-saa 35 likiegeshwa wiki mbili au tatu linaweza kugoma kuwaka, na fundi atauza betri mpya bila sababu. Chomoa kila unapoegesha kwa zaidi ya siku mbili tatu. Jambo la pili ni mguu. Kwenye magari mengi madogo soketi iko juu ya pedali, na kifaa kirefu kinagongwa na goti kila unaposhuka. Kikilegea kinaangukia chini ya breki. Nunua kile kifupi, au tumia waya wa kurefusha uliofungwa kwa kamba za plastiki nyuma ya kifuniko, usiachwe ukining'inia.

Sasa namba zenyewe. Wengi hukimbilia kipimo cha ulaji wa mafuta, lakini kipimo chenye faida kubwa kwa magari ya kwetu ni joto la maji ya injini. Mafundi wengi hapa huondoa themostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto, kwa imani kwamba joto la nchi hii halihitaji, au kuficha rejeta iliyoziba. Matokeo yake maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza na injini haifiki joto lake. Kompyuta inadhani gari bado ndiyo kwanza limewashwa asubuhi, inaendelea kuongeza petroli, na oili nayo inabaki nzito. Mshale wa dashibodi hauonyeshi hili vizuri. Kwenye magari mengine hakuna mshale, kuna taa ya bluu tu. Kifaa kinaonyesha nyuzi kamili. Injini nyingi ndogo za Toyota zina themostati inayoanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo baada ya mwendo wa robo saa unategemea kuona kati ya 80 na 95. Ukiona 65 kwenye barabara kuu yenye upepo, halafu 85 ukisimama kwenye foleni, themostati imetolewa au imekwama wazi. Huenda pia ukakuta msimbo wa hitilafu P0128, unaosema injini haifiki joto lake. Rudisha themostati ya nyuzi sahihi pamoja na ringi yake ya mpira, toa hewa kwenye mfumo wa maji, na hakikisha feni inafanya kazi na rejeta haijaziba, la sivyo utahama kutoka kula mafuta kwenda kuchemsha. Kwa kipimo hiki kimoja, bei ya kifaa inarudi.

Kipimo cha pili kwa umuhimu kimeandikwa kwenye Torque "Fuel trim bank 1 long term". Kinaonyesha kompyuta imeongeza au imepunguza mafuta kwa asilimia ngapi kulinganisha na hesabu yake ya kiwandani. Kati ya -10 na +10 usihangaike. Ikiwa +15 au zaidi, hasa kwenye sailensi (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta), na inashuka ukipandisha mzunguko wa injini, tafuta mpira wa hewa uliopasuka baada ya sensa ya hewa. Ikiwa juu hata kwenye mwendo, shuku sensa ya hewa iliyoshika vumbi, au pampu na filta ya mafuta. Ikiwa chini sana ya sifuri, nozeli zinaweza kuwa zinavuja. Usifute misimbo kabla ya kuiandika. Ukifuta, marekebisho haya nayo yanarudi sifuri, na fundi wa kesho hatakuwa na pa kuanzia.

Ulaji wa mafuta unaouona kwenye skrini ni hesabu tu, haukupimwa kwenye tangi. Programu inachukua gramu za hewa zinazoingia kwa sekunde, inagawa kwa 14.7, uwiano wa hewa kwa petroli, kupata gramu za petroli, kisha inageuza kuwa lita. Sensa ikisema gramu 2.2 kwa sekunde kwenye sailensi, jibu ni takriban lita 0.73 kwa saa. Hiyo namba ndogo ina uzito wake: ukisubiri abiria 12 kwa siku, dakika tano kila mmoja, injini ikiwaka na AC imezimwa, umechoma karibu robo tatu ya lita bila kusogea. Ukiwasha AC utaiona ikipanda papo hapo. Gari lisilo na sensa ya hewa linahesabiwa kwa shinikizo, joto la hewa na ukubwa wa injini, na kosa lake ni kubwa zaidi. Hakikisha umeandika ujazo sahihi wa injini kwenye wasifu. Kwa dizeli, usiamini namba hii hata kidogo, kwa sababu dizeli haichanganyi hewa na mafuta kwa uwiano huo.

Ili namba iaminike, irekebishe kwa sheli. Jaza hadi pampu ijikate mara ya kwanza, usiongezee. Tembea angalau kilomita 300, rudi kwenye pampu ileile, jaza tena hadi ijikate. Tuseme umetembea kilomita 318 na zimeingia lita 22.4: ulaji wako ni kilomita 14.2 kwa lita. Kama programu ilisema umetumia lita 20.1, gawa 22.4 kwa 20.1, upate 1.11, na uweke marekebisho hayo kwenye wasifu wa gari.

Hata baada ya hapo kuna mahali itadanganya. Ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia ya D na mzunguko wa injini bado uko juu, tuseme 1,500 kwa dakika, kompyuta hufunga nozeli na petroli haiingii kabisa. Lakini hewa inaendelea kupita, na programu inaihesabu kana kwamba unachoma. Madereva wanaoona hivyo huweka N kwenye mteremko wakidhani wanaokoa. Kinyume chake ndicho kweli: kwenye N injini inahitaji petroli ya sailensi ili isizime, na unapoteza msaada wa injini kwenye breki. Acha D, achia mafuta mapema ukiona taa nyekundu mbele, na utafika ukiwa hujatumia kitu.

Na hapo ndipo umakini unapoingia, maana kuachia mafuta mapema kunahitaji macho yaliyo barabarani. Dereva aliyeinamia simu huona taa nyekundu amechelewa, anakanyaga breki kwa nguvu, halafu anakanyaga mafuta kwa nguvu kuondoka. Takwimu za Idara ya Nishati ya Marekani zinaweka hasara ya uendeshaji wa namna hiyo kati ya asilimia 10 na 40 kwenye mwendo wa kusimama na kuondoka. Foleni ya Mandela, Dar es Salaam, au ya Mombasa Road, Nairobi, ni mwendo wa namna hiyo hasa. Kwa kilomita 50 kwa saa, sekunde mbili za kutazama skrini ni mita 28. Sasa ongeza mishale sita inayocheza juu ya ramani na oda: kifaa ulichonunua kuokoa mafuta kinayapoteza.

Kwa hiyo kwenye Torque zima skrini ya vipimo ukiwa kazini na uache programu irekodi nyuma ya pazia. Iondoe kwenye orodha ya programu ambazo simu inazizima kuokoa betri, la sivyo rekodi itakatika katikati ya safari. Kisha weka tahadhari za sauti, na ziwe mbili tu: joto la maji likipita nyuzi 105, na mwendo ukipita kilomita 85 kwa saa, kwa sababu juu ya 80 upepo unaanza kula mafuta kwa kasi. Ukiweka tano utazizoea na hutazisikia. Rekodi isome jioni gari likiwa limeegeshwa. Kwenye gari la waya wa pini 7 rekodi vipimo vinne au vitano tu, kwani ukiomba kumi na tano kila kimoja kitachelewa na grafu itakuwa ya ngazi ngazi.

Simu yenyewe nayo ipangwe. Holda ya kwenye tundu la AC ni bora kuliko ya kubandika kioo cha mbele: haizibi barabara, na hewa baridi inaizuia simu kuchemka mchana. Washa hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb), ruhusu programu ya oda na watu wachache uliowawekea nyota, magrupu ya WhatsApp yabaki kimya. Anayetumia programu mbili za oda azime moja abiria akishaingia. Oda mpya ipokelewe gari limesimama, hata kama moja au mbili zitampita.

Mwenye gari la dizeli, au gari ambalo kifaa kimekataa kusoma, pesa hiyo aipeleke kwenye geji nzuri ya upepo wa tairi. Apime asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva.