Nimelipia leseni, huduma kwa wateja wakaniambia nikanunue leseni halali

Anayetaka kujua programu hii ya kutengenezea muziki ina sintesaiza (vinanda vya kielektroniki) ngapi na inahitaji RAM kiasi gani aende kwenye tovuti yao, wameyaandika yote kwa mbwembwe. Mimi nimekuja na sentensi moja tu. Niliandikiwa na mtu wa huduma kwa wateja, baada ya miaka ya kuwa mteja wao, na nainukuu kama ilivyokuja: "Tunakushauri ununue leseni halali ili uendelee kufurahia bidhaa zetu."

Leseni halali! Risiti ninayo. Namba ya leseni ninayo. Hata ile baruapepe ya kunikaribisha kwenye "familia" yao bado ninayo. Jina la kampuni sitalitaja leo, kwa sababu kazi zangu zote zimo ndani ya programu yao na sina hamu ya kuanza ugomvi mwingine na watu hawa. Waliowahi kupita kwao watawatambua kwa tabia.

Mambo yalianza kompyuta ya studio ilipokufa. Fundi akaniambia ubao mkuu umeungua, akaweka mwingine. Diski ni ile ile, mafaili yote yamo, hakuna kilichopotea. Nikafungua programu, ikaniambia kompyuta hii haitambuliki na nafasi za leseni yangu zimejaa.

Niwaeleze wasiojua mambo haya yanavyokwenda, maana kisa chote kimelala hapo. Unapoamilisha programu ya namna hii, inasoma namba za vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, inatengeneza utambulisho wa mashine hiyo na kuupeleka kwenye seva ya kampuni. Seva ikiridhika inarudisha ufunguo unaokubali kwenye mashine hiyo tu. Ukibadilisha ubao mkuu, utambulisho nao unabadilika. Kwa seva, umeleta kompyuta mpya kabisa, na ile ya zamani bado inahesabika. Leseni yangu inaruhusu kompyuta mbili, na ya pili ni laptopu ninayobeba kwenda nayo kwenye shoo. Ili nafasi moja iachwe wazi, unatakiwa ubofye kitufe cha kuondoa leseni ukiwa kwenye kompyuta ya zamani. Nami nimekaa mbele ya kompyuta hiyo hiyo ya zamani, ila seva inasema siyo yenyewe. Kitufe chenyewe kimefifia, hakibofyeki.

Mtu mwenye akili timamu akielezwa hivi anaelewa. Kazi iliyobaki ni ya mtu wa kampuni kuingia kwenye akaunti yangu na kufuta ile mashine ya zamani. Basi.

Wakati huo programu ilikuwa imenirudisha kwenye hali ya majaribio. Unafungua projekti lakini huwezi kuihifadhi, na kila baada ya muda mfupi plagini zao (programu ndogo za ala na madoido zinazokaa ndani ya hii kubwa) zinapitisha sauti ya "shhhhh" juu ya muziki wako ili ukumbuke hujalipa. Msanii alikuwa amekuja kusikiliza miksi. Kiitikio kinapanda, sauti yake imekaa pazuri, halafu shhhhh. Akanitazama. "Prodyuza, hiyo mvua umeiweka wewe?" Nikamwambia ni hitilafu ndogo, itaisha leo. Tukarudia. Shhhhh. Safari hii hakuuliza, alitoa simu yake akaanza kuperuzi, na anayejua kazi hii anajua maana ya msanii kutoa simu katikati ya kiitikio chake mwenyewe.

Nikawaandikia. Nilieleza yote niliyoyaeleza hapa, nikaweka risiti, picha ya skrini, na hata picha ya ubao ulioungua. Likajibu kwanza roboti, likanipa namba ya tiketi na kuniambia nafasi yangu kwao ni ya thamani. Baadaye akaja mtu, au kitu kilichosaini kwa jina la mtu, akaniuliza natumia toleo gani la mfumo wa uendeshaji. Nikajibu. Akaja mwingine, jina jingine, akaniuliza swali lile lile. Nikajibu tena, kwa adabu. Wa tatu akanishauri niongeze bafa kutoka 128 hadi 512.

Bafa, jamani! Kwa msiofahamu, bafa ni kiasi cha sampuli za sauti ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kuzitoa. Ukiweka 512 kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, sauti inachelewa kama milisekunde 12, na kompyuta inapata nafasi ya kupumua. Inasaidia pale sauti inapokwaruza kwa sababu prosesa imezidiwa. Kwenye leseni haisaidii chochote. Huyu mheshimiwa aliona neno "sauti" na neno "shhhhh" kwenye barua yangu, akachukua jibu lililoandikwa tayari, akalibandika, akaenda zake. Hakusoma. Nina uhakika hakusoma, kwa sababu mstari wa kwanza wa barua yangu ulisema: hili ni suala la leseni, siyo la sauti.

Nikakaza, nikaandika bila adabu nyingi safari hii. Kimya. Kimya kirefu, wikendi ikapita na nyingine ikafuata. Kisha ikaja taarifa kwamba tiketi imefungwa kwa kuwa "mteja hakujibu". Mimi ndiye sikujibu! Nikaifungua upya, na hapo ndipo nikaletewa ile sentensi ya leseni halali. Aliyeiandika alikuwa ameangalia akaunti, akaona mashine tatu zimeomba leseni badala ya mbili, akahitimisha kwamba nimewagawia rafiki zangu programu. Hakuuliza, wala hakufungua picha ya risiti niliyoambatanisha. Alinihukumu, akaniwekea na kiungo cha duka lao chini yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyeshusha toleo la kukraki, yaani la wizi lililovunjwa ulinzi wake, hana shida hii. Lake halina seva ya kuliuliza maswali, kwa hiyo abadilishe ubao, abadilishe kompyuta nzima akitaka, litafunguka. (Simshauri mtu akrake. Mafaili hayo huja na virusi, na mtu anayelia kuibiwa nyimbo zake hapaswi kuiba programu ya mwenzake.) Lakini ulinzi wao ni mlinzi wa getini anayempekua mwenye nyumba huku mwizi ameshapitia dirishani, na akimaliza kumpekua anamwomba mwenye nyumba kodi.

Msinidanganye kwamba haiwezekani vinginevyo. Kampuni ya Steinberg, ambao ndio walioleta VST (mfumo wa kuunganisha plagini na programu za muziki) mwaka 1996, waliwalazimisha watu kwa miaka mingi kuchomeka kidude cha USB ndipo programu ifunguke. Mwaka 2022 walipotoa programu yao ya muziki, Cubase 12, wakaachana nacho, unaingia kwa akaunti yako tu. Reaper, programu nyingine ya muziki, inakupa siku 60 za majaribio ikiwa kamili, na ukinunua unapewa faili la leseni unalolitunza mwenyewe. Sisemi hao ni malaika, sijawahi kuhitaji msaada wao wakati wa shida, labda nao wangeniambia niongeze bafa. Nasema tu kwamba kumwamini aliyelipa ni jambo linalofanyika, na kampuni hazijafungwa kwa ajili hiyo.

Sasa hapa ndipo ninapojikera mwenyewe. Programu hii ni nzuri. Nzuri kweli. Nilijaribu kuhamia nyingine wakati nimefungiwa, nikajikuta kila dakika natafuta vitu ambavyo kwenye hii mkono unavifikia bila kufikiri. Kukata sauti ya mwimbaji, kusogeza silabi moja ikae juu ya ngoma, kuchora sauti ipande taratibu kabla ya kiitikio: hakuna nyingine niliyoigusa inayofanya hayo kwa wepesi huu. Na nyimbo zangu za zamani zimejengwa kwa plagini zao, kwa hiyo nikihama, zile noti za MIDI (maelekezo ya noti ipi ipigwe na lini, bila sauti yenyewe) nitaondoka nazo, lakini sauti zenyewe zinabaki kwao. Siku hizi kila kazi ikiisha natoa kila chaneli, yaani sauti ya kila chombo au mwimbaji, kama faili la sauti la WAV peke yake na kuiweka kwenye diski ya nje. Inakula nafasi na inakula muda. Inaniudhi kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya kujilinda dhidi ya watu niliowalipa.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeipa nyota moja. Nikaona si haki, nikaipa tatu. Kisha nikakumbuka "leseni halali", nikarudi kwenye mbili, na hapo sijatulia.

Maana tatizo limetatuliwa. Ndiyo, limetatuliwa! Baada ya mimi kukata tamaa na kujibu tiketi kwa maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasoma, ilikuja barua fupi kutoka kwa mtu mwingine kabisa, jina ambalo sikuwahi kuliona kwenye mlolongo ule. Aliandika: "Pole kwa usumbufu. Nimefuta kompyuta ya zamani kwenye akaunti yako. Jaribu sasa." Nikajaribu. Ikafunguka. Projekti zote, kila chaneli na plagini yake, bila ile mvua.

Ningetakiwa nifurahi, na nilifurahi kwa muda wa kupiga kiitikio kile mara moja hadi mwisho. Kisha hasira ikarudi na nguvu mpya, kwa sababu sasa nilijua kazi yenyewe ilikuwa ya kubofya mara moja. Kitufe kilikuwepo siku zote. Kila aliyeniuliza toleo la mfumo wangu alikuwa amekaa karibu nacho, au alikuwa hajaonyeshwa kilipo, na sijui lipi ni baya zaidi. Msanii naye wimbo alishaupeleka kwingine. Simlaumu, alikuwa na tarehe ya kuutoa.

Aliyeniita mwizi hajaomba radhi. Niliuliza kama atafanya hivyo, tiketi ikafungwa: "imetatuliwa".

Halafu, ndani ya saa chache, ikaja fomu ya tathmini. Swali ni moja tu: je, umeridhika na aliyekuhudumia mwisho? Nyota tano, hakuna sehemu ya maoni, hakuna njia ya kumfikia yule wa bafa wala yule wa dukani. Aliyenihudumia mwisho ni yule wa mistari mitatu. Nikipiga nyota moja namwonea yeye, pengine wanamkata marupurupu. Nikipiga tano, kampuni itajisifu kwa nyota zangu.

Nikampa tano. Amezistahili. Hizi mbili za hapa ndizo za kampuni, na kesho nikiamka vibaya nitapunguza.