Mfuko wa kulalia wa manyoya: uzoefu wangu na mama mfuaji wa Katindo

Hapa Goma, mwenye mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata anajua taabu ya kumpata mtu wa kuufua bila kuuharibu. Mimi nimempata. Ni mama mmoja wa Katindo, mtaa wa hapa mjini, anayefulia watu nyumbani kwake, kwa mikono, na sasa mfuko wangu haufuliwi na mtu mwingine.

Niliununua kwa ajili ya kupanda Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Kule juu, mita 3,470, usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Siku hizi nautumia zaidi kwenye kambi za vijana kisiwani Idjwi. Huko baridi si kali, ila mfuko unakula moshi wa kuni, jasho na majani, na ukirudi nao mjini vumbi letu jeusi la volkano linamalizia.

Kabla ya kumjua huyu mama niliupeleka presingi moja mjini, yaani duka la kufulia nguo. Wakaupitisha kwenye mashine yenye kile kinu cha katikati kinachosokota nguo, wakatia sabuni ya unga na dawa ya kulainisha. Ulirudi unanukia maua, lakini manyoya yalikuwa yamegandana madonge, na vyumba vingine, vile vijisehemu vilivyoshonwa kushikilia manyoya, vilibaki vitupu. Ukiuinua dirishani, mwanga unapenya. Mfuko wa hivyo haukufai kitu, kwa sababu kinachotia joto ni hewa inayonaswa kati ya manyoya yaliyotutumka. Manyoya nayo yana mafuta yake ya asili: sabuni kali ikiyaondoa, yanakuwa makavu, yanavunjika, hayatutumki tena.

Mama alipoupokea, kwanza aliukagua mishono yote kwa vidole, maana palipofumuka ndipo manyoya yanapotokea majini. Akafunga zipu, akaugeuza ndani nje. Kola, pale uso na nywele vinapogusa, aliisugua peke yake kwa kitambaa laini. Kisha akaulaza kwenye beseni kubwa la maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini ya maji, kidogo sana, akawa anaukandamiza taratibu kwa viganja. Hakusugua, hakukamua. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, haiingii kwake kwa nguo za namna hii, na dawa ya kulainisha pia haitaki.

Anachowazidi wengine ni maji. Ana tangi la maji ya mvua. Maji ya ziwa Kivu yana madini mengi, sabuni haitoi povu vizuri na huacha utando. Ya mvua yanasuuza safi. Alisuuza na kurudia mpaka povu likaisha kabisa, bidoni (dumu la maji) juu ya bidoni, na katika mji wetu usio na mto tunajua bei ya bidoni. Kuutoa majini aliuingizia mikono yote miwili chini, akauinua mzima. Mfuko ulioloa ukiushika upande mmoja, uzito wa maji unachana kuta za ndani zinazotenga vyumba.

Kukausha ndiko kulikochukua muda. Aliutandaza barazani, kivulini, juu ya wavu, maana jua kali linachosha nailoni. Kila nilipopita nilimkuta anauchambua donge kwa donge, anaupigapiga, anaugeuza. Siku ya kwanza niliyotaka kuuchukua, mimi niliona umekauka. Akaniwekea kiganja changu juu ya donge moja karibu na miguu, akasema: “Papa, nje ni mukavu, ndani bado. Ukiupeleka hivi utaoza.” Kweli, palikuwa baridi, pana unyevu. Nikauacha.

Nilipoupata, ulikuwa umetutumka kuliko nilivyouzoea, na harufu ya moshi imekwisha. Madonge ya presingi aliyafungua karibu yote, ila vyumba viwili vya ubavuni havijarudi sawa, na sidhani kama vitarudi. Nililipa dola 8, bei ambayo kwa kazi ile naiona ndogo.

Kasoro zipo. Mtu mwenye haraka asiende kwake. Halafu kuna jambo la msimu: mvua zinaponyesha tangi limejaa lakini mfuko haukauki, na kiangazi kikishika, Julai na Agosti, kukauka ni rahisi ila maji ya mvua yamekwisha na anakuongezea bei ya bidoni. Wakati mzuri ni mwanzoni mwa Juni, tangi bado lina maji na anga limeanza kutulia. Mifuko iliyojazwa nyuzi za viwandani badala ya manyoya anaipokea wakati wowote, hiyo inakauka upesi.

Ukiurudisha nyumbani, usiusindilie tena kwenye kile kifuko kidogo cha safari. Mama alinishonea gunia kubwa la pamba, kwa dola 2 zaidi, na mfuko unakaa humo umelegea juu ya kabati. Kwa kulalia, weka shuka jepesi ndani. Shuka ndilo litakalofuliwa kila safari, na mfuko wenyewe utaupeleka Katindo mara chache tu.