Kitambaa cha korongo na mafunjo kutoka Jinja: miezi minane ya kukikata, kukifua na kukivaa

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda, na vitenge nimeanza kuvikata nikiwa bado msichana. Kitambaa hiki nimekishona, nimekifua kwa mkono, na gauni langu mwenyewe nimelivaa sokoni jua likiwaka. Nasema niliyoyaona.

Nilikinunua kwenye karakana ndogo ya akina mama kule Jinja. Wanachapa kwa mihuri ya mbao na rangi wanazipika wenyewe kutokana na mimea. Bei ilikuwa shilingi 32,000 za Uganda kwa mita, nami nilitaka mita sita. Ni pesa nyingi. Ukienda nazo Kiyembe, Kampala, unarudi na vitenge vya kuwashonea watoto wote. Nilisimama pale mlangoni nikipiga hesabu, na kilichonishinda ni mchoro.

Ukiwa mbali unaona vishungi vya korongo taji, yule ndege wa kwenye bendera yetu. Ukisogea unagundua kwamba nusu yake si vishungi hata kidogo, ni vichwa vya mafunjo. Mchoraji amevipanga safu kwa safu, kishungi kisha funjo, kwa mistari ya unene mmoja, mpaka jicho linapotea. Mimi nimekulia kando ya kinamasi, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa kwa nini vitu hivyo viwili vimekaa pamoja. Korongo huyu hutaga humo humo kwenye majani ya kinamasi, na kinamasi kikikaushwa kilimwe mpunga, yeye hana pa kwenda. Sasa amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Sisi tulikuwa tunawaona wakicheza wawili wawili asubuhi tukienda kuchota maji. Binti yangu anamjua kwa picha. Maua niliyoshona maishani hayahesabiki, na mengi sijui hata yanaota nchi gani. Huu ni mchoro wa kwanza ambao nimeweza kumweleza mteja wangu kila mstari wake.

Turudi kwenye kitambaa chenyewe. Ni pamba tupu isiyopaushwa, aina ile tunayoiita amerikani, na bado ina vidoa vidogo vya kahawia vya maganda ya mbegu. Kwa mazoea yangu nilichomoa uzi mmoja nikauwasha kwa kiberiti. Uliungua kama karatasi, ukaacha majivu laini. Uzi wa plastiki hujikunja ukawa kishanga kigumu. Waliniambia pamba imelimwa hapa hapa Uganda, jambo lililonifurahisha sana, kwa sababu sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje kabla haijasokotwa, halafu sisi tunanunua vitenge vya kutoka mbali na mitumba.

Dada aliyetuhudumia ni Msoga, mimi Kisoga sikijui, basi tukaelewana kwa Kiswahili. Alinipeleka nyuma nikaone wanavyochapa. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Weusi wa mchoro hautoki kwenye kopo. Wana pipa lenye misumari na vyuma chakavu vilivyolowekwa pamoja na sukari guru kwa wiki kadhaa, na harufu yake ni ya kutu na pombe iliyochacha. Kitambaa huwa kimechovywa kwanza kwenye maji ya majani ya mwembe yaliyochemshwa. Mama mmoja alibonyeza muhuri, akaupiga ngumi mara moja mgongoni, akauinua. Alama iliyobaki ilikuwa ya kijivu hafifu, nikadhani rangi imewaishia. Akaniambia, "Subiri kidogo, mama." Tukiwa tunatazama, kijivu kikaanza kukolea, kikawa cheusi kabisa. Ukali wa majani ukikutana na chuma na hewa, ndiyo hutoa weusi huo.

Waridi wanaipata kwenye kokwa za ovakado, kahawia kwenye maganda ya vitunguu, manjano kwenye binzari. Rangi hushikishwa kwa shabu. Niliuliza maji yaliyobaki wanayamwaga wapi, maana Jinja iko kando ya Nile na ziwa liko pale pale. Alinionyesha kwamba maji ya rangi hayamwagwi mapema, yanatumika tena na tena kwa vitambaa vya rangi hafifu mpaka yanapauka. Jibu hilo liliniridhisha.

Ukikigeuza kitambaa, mchoro unaonekana na upande wa pili, hafifu zaidi. Ukipitisha kiganja juu husikii kitu, hakuna ule utando kama mpira unaopasuka fulana ikifuliwa mara tano. Na pale muhuri mmoja unapokutana na mwingine, ukitazama kwa makini utaona funjo lililokatika nywele moja, au kishungi kilichopandiana na mwenzake. Wateja wawili waliniuliza kama ni kasoro. Nikawaambia hapo ndipo mkono wa mtu ulipoinuka na kushuka tena.

Sasa niseme kilichoniuma. Kwenye kila mita kuna safu ya manjano, nayo kwenye karatasi ya maelezo waliandika kwamba rangi zote hazichuji wala hazipauki. Nilipolifua gauni mara ya kwanza kwa sabuni ya kipande, manjano yaligeuka mekundu mikononi mwangu, kama mtu amemwagia maji ya kutu. Nilishtuka. Nikakumbuka binzari ya jikoni inavyofanya ikiguswa na sabuni, nikakamua ndimu mbili kwenye maji ya kusuuzia, manjano yakarudi. Hilo ningelisamehe. Lakini baada ya miezi mitatu ya kuanikwa juani, safu ile ikawa kama rangi ya uji. Nilipofumua upindo nikautazama upande wa ndani, binzari ilikuwa bado inawaka kama kiini cha yai la kienyeji. Jua ndilo lililoila, na mtu anayepika rangi kila siku anajua kwamba binzari haistahimili jua. Kuandika "rangi zote" halikuwa jambo la haki kwa mteja anayelipa 32,000. Niliwapigia, dada akakubali bila kubishana, akasema wataibadilisha ile karatasi. Hakunirudishia pesa, nami sikudai.

Rangi nyingine zimeishi. Weusi uko vilevile. Nilikuwa na wasiwasi nao, maana chuma kikizidi hula nyuzi taratibu, kwa hiyo kila nikifua huvuta sehemu nyeusi kwa vidole gumba viwili kuona kama imelegea. Haijalegea. Kahawia ya vitunguu imefifia kidogo sana, na waridi imepoa ikawa nzuri zaidi machoni pangu.

Kwa mafundi wenzangu: vishungi na mafunjo yote yameelekea upande mmoja. Huwezi kugeuza kiolezo ili ubane kitambaa, utapata upande mmoja wa gauni mchoro umening'inia juu chini. Ongeza nusu mita kwa kila gauni refu. Pia hakina mji wala pindo kama kanga, kwa hiyo upindo wa chini utaubuni mwenyewe. Mimi nilitumia kipande cha kahawia kitupu kikakaa vizuri. Na kiloweke usiku mzima kabla ya kukata. Changu kilirudi karibu inchi mbili kwa kila mita, na mteja aliyekataa kusubiri ndiye ambaye shati lake sasa linambana mabegani.

Nilichukua pia mkoba wao wa lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao, uliochapwa funjo moja jeusi. Ni mzuri kuushika, una uvuguvugu kama ngozi. Usiufue. Futa kwa kitambaa kikavu tu.

Nimeagiza mita nyingine nne, weusi na kahawia peke yake, bila manjano. Zimefika Jumamosi kwa basi la Jinja na sasa zimelowa kwenye beseni nyuma ya nyumba. Mama mkwe ameshasema mbili ni zake, anataka gomesi, lile gauni letu refu la sherehe, ya kwendea harusi ya mwezi ujao, na gomesi inakula kitambaa, kwa hiyo kesho napiga simu kuongeza.