Nililipia historia ya alkemia ya ndani, wakanipa kisanduku cha vidonge

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza ya pili kwa ajili ya yule mama wa siku ya pili, na nikifika mwisho wa maandishi haya huenda nikairudisha, maana damu bado inanichemka.

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu hapa Beijing, mwaka jana, baridi ilipoanza kuuma. Jina la mahali silitaji. Tangazo lao lilisema watafundisha asili na historia ya alkemia ya ndani ya Watao, wafuasi wa dini ya Tao ya China, ile ambayo Wachina wanaiita neidan: kutafuta maisha marefu ndani ya mwili wako mwenyewe, kwa pumzi na nia. Mimi nasoma hapa, fani nyingine kabisa, lakini jambo hili nalifuatilia kwa mapenzi tangu nilipofika. Nikajibana mwezi mzima, nikalipa, na juu ya ada nikaweka amana waliyosema itarudishwa.

Siku ya tatu jioni, mwalimu mkuu akamaliza kuzungumza, akaagiza vifunguliwe visanduku vyekundu. Kila mtu akawekewa chake mezani. Ndani mna vidonge vilivyofungwa kwa karatasi ya rangi ya dhahabu. Akasema hii ndiyo dan ya mabwana wa kale, dawa ya kurefusha maisha, na kwamba bei yake imeshakatwa kwenye amana zetu.

Imeshakatwa! Nani aliulizwa?

Lakini pesa si kitu mbele ya lile lililonichoma zaidi. Historia yote tuliyokuwa tumeilipia ni historia ya watu walioviacha vidonge. Hilo ndilo somo lenyewe! Kwa karne nyingi mafundi wa Kitao walipika zingifuri (jiwe jekundu lenye zebaki), zebaki na madini ya risasi ndani ya vyungu vilivyozibwa kwa udongo, wakitafuta dawa ya kutokufa. Ge Hong, aliyezaliwa mwaka 283, ameyaandika mapishi hayo kwa kirefu. Zama za nasaba ya Tang dawa zikaingia ikulu, na ikulu ikaanza kuzika wafalme wake: Muzong mwaka 824, Wuzong 846, Xuanzong 859, wote watatu wanatajwa katika historia kuwa walimalizwa na dawa za aina hiyo.

Huku nyuma lugha ya jikoni ilikuwa inahamia mwilini. Chungu kikawa ni sehemu iliyo chini ya kitovu, wanayoiita dantian, yaani shamba la dan. Moto ukawa pumzi na nia. Risasi na zebaki zikabaki majina tu, ya nguvu mbili zinazotafutana ndani ya mtu. Zhang Boduan, karani wa serikali ya nasaba ya Song, alipoandika mashairi yake ya Wuzhen pian mnamo mwaka 1075, alisema waziwazi kwamba kila mtu anayo dawa ya maisha marefu ndani yake, ila kwa ujinga wake anaitupa. Sasa mtu anasimama mbele yangu, anamnukuu Zhang Boduan asubuhi, na jioni ananiuzia kidonge?

Niseme pia kwamba siwakubali wanaodai sumu ya ikuluni peke yake ndiyo iliyozaa neidan. Mwalimu alilipitisha hivyo kwa dakika tano, baada ya kutuambia kwamba elimu hii ina miaka 5,000, bila ushahidi wowote. Mizizi ni mingi. Karne ya nne, kusini, mwonaji Yang Xi alikuwa tayari anaandika maono yake kati ya miaka 364 na 370, na watu wa njia yake ya Shangqing wakikaa kimya kuwatazama miungu wanaoishi ndani ya ini, moyo na mapafu. Kuna Cantong qi, andiko linalonasibishwa na Wei Boyang wa zama za nasaba ya Han, ingawa maneno tuliyonayo leo ni ya baadaye. Hilo ndilo lililowapa wanaalkemia lugha ya yin na yang na mistari ya Yijing, kitabu cha kale cha kupigia ramli. Mtu anayefundisha asili ya kitu halafu akaruka mambo haya amefundisha nini?

Basi nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu, kupitia dada mkalimani, ndani ya vidonge mna nini. Mwalimu akajibu kuwa ni mitishamba na siri ya ukoo wao. Nikauliza kama mna zebaki. Akawatabasamia wenzangu, mimi hakunitazama.

Hapo nikamtajia Qiu Chuji. Mtu huyu alikuwa mwanafunzi wa Wang Chongyang, mwanzilishi wa Quanzhen, njia ya Kitao iliyoifanya alkemia ya ndani kuwa kazi ya watawa. Kaburi la Qiu liko humu humu Beijing, katika hekalu la Baiyun guan. Akiwa na zaidi ya miaka 70 aliitwa na Genghis Khan, akasafiri majangwa na milima hadi karibu na Hindu Kush, wakaonana mwaka 1222. Genghis akamuuliza amemletea dawa gani ya kuishi milele. Qiu akamjibu kwamba njia za kulinda uhai zipo, dawa ya kutokufa haipo. Amemwambia hivyo mtu ambaye angeweza kumkata kichwa palepale! Nikamuuliza mwalimu: kama yeye alimwambia Khan hakuna, wewe umeipata wapi?

Dada mkalimani akasita, akainamisha macho. Lakini Kichina changu kinatosha, jibu la mwalimu nililisikia mwenyewe. Alisema mgeni akishajifunza majina mawili matatu anajiona mwenye nyumba, na kwamba haya si mambo ya kwetu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa mweusi peke yangu chumbani, na kila mtu alielewa "kwetu" ni wapi.

Miezi imepita na neno hilo halijanitoka. Qiu Chuji alizungumza na Mmongolia kupitia mkalimani, kama nilivyozungumza mimi. Mbona hakumwambia haya si ya kwenu?

Nyota moja. Hata hiyo ni nyingi.

Ila siwezi kumdhulumu yule mama. Siku ya pili mwalimu mkuu hakuja, akamtuma msaidizi, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Alitandaza mezani nakala ya wino ya Neijing tu, ile picha iliyochongwa kwenye jiwe la Baiyun guan mwaka 1886. Mwili wa mtu umechorwa kama nchi. Kichwa ni milima, uti wa mgongo ni njia ya maji yanayopanda badala ya kushuka. Chini kabisa mtoto wa kiume na wa kike wanakanyaga gurudumu la kuvutia maji. Juu yao kidogo kuna ng'ombe analima shamba la dan, kwenye figo msichana anasokota uzi, na moyoni mvulana ameshika nyota. Akanishika kidole, mimi mgeni, akakipitisha polepole kutoka kwenye gurudumu hadi utosini, akieleza jing, kiini cha uhai, inavyogeuka kuwa qi, yaani pumzi, na qi kuwa shen, yaani roho. Akatuambia habari za Sun Bu'er, mwanamke pekee kati ya wanafunzi saba wakuu wa Wang Chongyang, ambaye mumewe Ma Yu naye alikuwa mmoja wa hao saba. Nilipomuuliza swali la kijinga alilirudia kwa sauti ili wote walisikie, kisha akalijibu kama vile ni swali la maana. Saa tatu zilipita sikugusa simu.

Kwa siku hiyo ningelipa mara mbili. Nimesema nyota moja, basi rudisheni zile mbili, na ya pili ni yake yeye, si ya chuo.

Ukienda, uliza kwanza yule mama anafundisha siku gani, ulipie hiyo tu, na amana usiweke. Kisanduku nilikiacha mezani. Pesa yangu hawajarudisha.