Uzoefu wangu: seva yangu mwenyewe ya tovuti kwa Debian 12, na ulinzi wake

Tovuti zangu zilikaa miaka mingi kwenye seva ya kuchangia na wateja wengine, ile unayopewa paneli ya kubofya na mengine yote yanabaki kwa kampuni. Nilihama kwa sababu nilitaka kuchagua mwenyewe toleo la PHP (lugha ya programu za tovuti) na kusoma kumbukumbu za seva (logs) bila kumwomba mtu. Nikakodi seva pepe (VPS) yenye RAM ya GB 1, nikaweka Debian 12, ambao ni mfumo endeshi wa Linux, pamoja na nginx inayotoa kurasa za tovuti, PHP, na MariaDB ya kuhifadhi data. Kwa tovuti chache za kawaida inatosha, na kurasa zinafunguka upesi kuliko zamani. Kuhusu kasi sina la kuongeza. Kazi iko kwenye ulinzi.

Seva ikishapata anwani ya IP, haichukui muda kugunduliwa. Roboti zinazopekua intaneti nzima huanza kugonga poti 22, mlango wa SSH, yaani njia ya kuingia na kuiendesha seva ukiwa mbali, zikijaribu majina kama root, admin na test. Fungua journalctl, amri ya kusoma kumbukumbu, utaziona zikipishana usiku na mchana. Hakuna anayekuwinda wewe binafsi. Zinatafuta yeyote aliyeacha nywila nyepesi.

Ndiyo maana hatua niliyoiona ina thamani kuliko zote ni kuachana kabisa na nywila na kuingia kwa ufunguo. Nilitengeneza ufunguo wa aina ya ed25519 kwenye kompyuta yangu, ambao huja kwa jozi ya siri na ya umma, ule wa umma nikaupeleka kwenye seva, kisha kwenye sshd_config, faili kuu la mipangilio ya SSH, nikaweka PasswordAuthentication no (nywila zisikubaliwe) na PermitRootLogin no (root, msimamizi mkuu, asiingie moja kwa moja). Hapa kuna mtego ambao maelekezo mengi hayautaji. Debian inayokuja tayari kwenye seva za kukodi mara nyingi huwa na faili dogo ndani ya /etc/ssh/sshd_config.d, lililoandikwa na cloud-init (programu inayoandaa seva inapowaka mara ya kwanza), lenye PasswordAuthentication yes. Folda hiyo husomwa mwanzoni mwa sshd_config, na sshd, yaani huduma ya SSH kwenye seva, hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Unaweza kuandika no kwenye faili kuu, ukawasha huduma upya, ukaenda zako, kumbe nywila bado inakubaliwa. Amri ya sudo sshd -T inaonyesha mipangilio inayotumika kweli. Mimi huiendesha kila ninapogusa SSH, na sifungi dirisha nililoingilia mpaka niwe nimeingia upya kwa dirisha jingine.

Baada ya hapo nikawasha ufw, ukuta wa moto (firewall) wa seva: zuia kila kinachoingia, ruhusu poti 22 ya SSH, na 80 na 443 za tovuti. Ruhusa ya SSH itangulie kabla ya kuiwasha, la sivyo utajifungia nje. Kwa kazi hii sijaona zana nyepesi kuiliko. Ila wanaotumia Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya visanduku viitwavyo kontena, wajue kwamba poti inayofunguliwa na kontena hupita pembeni ya sheria za ufw, kwa sababu Docker huandika sheria zake moja kwa moja kwenye iptables, sehemu ya Linux ambako sheria za ukuta wa moto hukaa. Njia ya uhakika ni kupima poti ukiwa nje ya seva, halafu ndani uendeshe ss -tlnp uone nani anasikiliza wapi. MariaDB ya Debian husikiliza 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya seva yenyewe, na iachwe hivyohivyo.

Fail2ban, programu inayofungia anwani za IP zinazokosea kuingia, inasifiwa mno kwa maoni yangu. Kwa kawaida humfungia dakika 10 aliyekosea mara 5, na hilo linapunguza kelele kwenye kumbukumbu. Lakini kama nywila zimezimwa, roboti hizo hazikuwa na pa kuingilia tangu mwanzo. Tena kwenye Debian 12 inaweza kugoma kuwaka, kwa kuwa inatafuta /var/log/auth.log na faili hilo halipo pale ambapo rsyslog, programu inayoandika kumbukumbu kwenye mafaili, haijawekwa. Dawa ni kuandika backend = systemd kwenye jail.local, faili la mipangilio yako ya Fail2ban, ili isome kumbukumbu za systemd badala ya faili hilo.

Cheti cha HTTPS, kinachofanya mawasiliano na tovuti yawe ya siri, nilichukua kwa Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti, kupitia programu ya certbot, bure, na kwa hili sina ila sifa. Cheti changu kina uhai wa siku 90 na hujihuisha chenyewe. Hata hivyo endesha certbot renew --dry-run, ambayo ni jaribio tu la kuhuisha, na uone inakamilika, kwa sababu tangu Juni 2025 Let's Encrypt hawatumi tena barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha.

Masasisho ya usalama nimeyaachia unattended-upgrades, programu inayoyaweka yenyewe. Inafanya kazi kimyakimya, ila kwa mipangilio yake ya kawaida haiwashi mashine upya. Kiini kipya cha Linux (kernel) kinaweza kukaa kwenye diski wiki nzima huku cha zamani ndicho kinachoendesha seva. Ukiona faili la /var/run/reboot-required, panga muda uiwashe upya.

Nakala za akiba ndizo zilizonifikirisha zaidi. Seva ikiwa ndiyo inayozituma kwenye hifadhi, na ina ruhusa ya kufuta huko, atakayeivamia atafuta tovuti pamoja na nakala zake. Kwa hiyo nimegeuza mwelekeo: kompyuta nyingine ndiyo inayokuja kuchukua data kwa rsync, zana ya kunakili mafaili, pamoja na faili la mysqldump lenye nakala ya data ya MariaDB, na seva haina ufunguo wowote wa kufika kule. Mara kwa mara huwa narejesha nakala kwenye mashine tupu, nikaifungua tovuti kwenye kivinjari na kuangalia kama makala za karibuni zipo. Nakala ambayo haijarejeshwa hata mara moja siihesabu.

Kuendesha barua pepe kwenye seva hiyohiyo sikushauri. Kampuni nyingi za seva huzuia poti 25 ya kutoka, ambayo hutumika kutuma barua pepe, na hata ikifunguliwa, kuna SPF, DKIM na DMARC (mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako) na sifa ya anwani ya IP ambayo huenda mpangaji aliyetangulia aliichafua kwa barua taka. Barua nimeziacha kwa huduma maalumu, nikaelekeza huko rekodi za MX, zinazosema barua za jina la tovuti ziende wapi, na seva yangu inashughulika na tovuti tu.